Panga Kuanzia Nyama: Kuwinda Elki kwa Upinde Colorado kwa Mara ya Kwanza

Waafrika Mashariki wenzangu wa Denver na Aurora wakishaonja nyama ya elki mezani kwangu, swali la kwanza huwa ni upinde gani wanunue. Nami huwauliza: utabeba kilo ngapi mgongoni, kwenye mteremko usio na njia, mita 3,000 juu ya usawa wa bahari? Wengi hucheka. Wanadhani nawakwepa.

Siwakwepi. Elki ni wa jamii ya kulungu, lakini usimfikirie kama paa. Dume aliyekomaa ana kilo 320 hivi, jike kama 230. Ukimchuna na kuondoa mifupa, dume anakuachia kilo 80 hadi 100 za nyama. Mtu wa kawaida hubeba kilo 25 au 30 kwa mkupuo mmoja. Basi ni mikupuo minne. Ukimwangusha kilomita 5 kutoka ulipoegesha gari, nawe uko peke yako, utatembea kilomita 35: 20 ukiwa na mzigo na 15 ukirudi mikono mitupu. Huku nyuma jua la Septemba linafanya kazi yake juu ya nyama iliyobaki. Sheria nayo iko palepale: Colorado ni kosa kuacha nyama inayolika ikaozea porini.

Ndiyo maana nasema upange kuanzia nyama. Fungua ramani, weka alama mahali utakapoacha gari, chora duara la umbali unaoweza kweli kuutembea mara nne ukiwa na mzigo. Kwangu mimi ni kilomita 3, na chini ya hapo kama kuna korongo la kuvuka. Kila kilicho nje ya duara hakipo, hata kama video za mtandaoni zinakwambia elki wako kilomita 12 ndani. Hao wa kilomita 12 wana nyumbu na farasi, au wako vijana wanne. Ukitaka kwenda huko, tafuta mapema, wakati wa kiangazi, mwenye farasi aliyesajiliwa na jimbo na mwenye kibali cha msitu huo, mkubaliane bei ya kuja kuchukua nyama. Kumpigia simu Septemba ukiwa umesimama juu ya mzoga ni kuomba muujiza.

Tuje kwenye leseni, maana yenyewe ina kalenda isiyobembelezeka. Msimu wa upinde huanza Septemba 2 na kufungwa Septemba 30. Mkazi wa Colorado, yaani aliyekaa jimboni miezi sita mfululizo, bado hununua leseni ya elki kwa upinde moja kwa moja kwa sehemu kubwa ya magharibi ya jimbo. Asiye mkazi alikuwa na nafasi hiyo mpaka 2024. Tangu 2025 maeneo yote yaliyo magharibi ya I-25, barabara kuu inayokata jimbo kaskazini hadi kusini kupitia Denver, yanamtaka aingie kwenye bahati nasibu, na maombi hufungwa mwanzoni mwa Aprili. Kwa hiyo ndugu yangu wa Minnesota au Texas anayeniandikia Julai akisema anakuja Septemba, namwambia aangalie orodha ya leseni zilizobaki, la sivyo tuonane mwakani. Akikosa kwenye bahati nasibu anaweza kupata pointi ya kipaumbele ya kumsogeza mbele kwenye bahati nasibu zijazo, si hasara tupu. Bei nayo ina ubaguzi wake: mkazi hulipa chini ya dola 100, mgeni zaidi ya dola 700.

Na kuna cheti. Yeyote aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1949 au baada ya hapo lazima awe amesomea mafunzo ya usalama wa uwindaji kabla ya kuuziwa leseni. Msiyaone kama usumbufu. Sisi tuliokulia Kenya hatukuwa na mjomba wa kutufundisha, kwani uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na aliyeonekana na upinde na mishale porini alikuwa jangili tu. Darasa lile ndilo mjomba wetu.

Sasa ardhi. Kwetu ukisikia "ardhi ya umma", unauliza ni nani ameshainyakua. Huku magharibi mwa Marekani ni kitu cha kweli: msitu wa taifa wa White River peke yake una ekari kama milioni 2.3, na huombi ruhusa ya mtu kuingia na upinde wako, mradi una leseni ya eneo hilo. Tatizo si kukosa mahali, ni wingi wa mahali. Mgeni huitazama ramani yote hiyo ya kijani akaishia kuchagua jina alilolisikia.

Mimi naanza kwa kufuta. Kwanza nafuta ardhi binafsi na vipande vya umma ambavyo huwezi kuvifikia bila kukanyaga shamba la mtu. Colorado mwenye shamba halazimiki kuweka kibao wala uzio, kwa hiyo "sikuona alama" haitakuokoa mbele ya askari wa wanyamapori. Programu ya simu yenye mipaka ya ardhi ni lazima, na uipakue ramani ukiwa nyumbani, kwa sababu mtandao hufa pindi unapoiacha lami. Pili nafuta sehemu ambazo gari halifiki karibu. Idara ya Misitu hutoa bure ramani inayoonyesha barabara zipi zinaruhusu magari na kwa tarehe zipi, na hiyo ndiyo inayokubalika kisheria, si mstari uliouona kwenye picha ya setilaiti. Tatu natazama maeneo ya nyika iliyolindwa kwa sheria ya 1964. Humo hakuna injini, hakuna baiskeli, na hata kile kigari cha matairi mawili cha kukokotea nyama hakiruhusiwi. Ni mgongo au mnyama.

Chukua mfano wa Flat Tops, nyanda za juu kati ya Meeker na Yampa. Ni nchi ya elki kweli kweli, na ni nchi yenye historia. Mwaka 1919 Arthur Carhart alitumwa na Idara ya Misitu kwenda kupima viwanja vya nyumba za mapumziko kando ya ziwa la Trappers, akarudi akashauri pasijengwe kitu. Ukiangalia ramani yake utatamani: tambarare, mabwawa, majani. Kile ambacho mistari ya ramani haikwambii ni miti iliyolala chini. Mbawakawa waliua misonobari mingi sana huko katika miaka ya 1940, na moto wa 2002 ukapita karibu na ziwa lile lile. Kilomita moja ya magogo yaliyopandana, kila moja likikufika kiunoni, si kilomita moja. Kwa hiyo nenda kiangazi ukapite kwa miguu ile njia utakayobebea nyama, na mgongoni uwe na mfuko wa mchele wa kilo 20. Huhitaji kumwona elki hata mmoja siku hiyo. Unapima njia.

Kama huwezi kwenda kiangazi, fika siku mbili tatu kabla ya kuwinda. Mwili nao utakushukuru: Denver iko mita 1,600, elki wa Septemba wako mita 2,700 mpaka 3,500, na kichwa kinachouma kwa uhaba wa hewa hakilengi shabaha. Mtu wa Houston aliyezoea usawa wa bahari asilale juu sana usiku wa kwanza.

Ndani ya duara lako tafuta vitu vitatu vilivyo karibu karibu: majani ya kula, maji, na msitu mzito wa kulala. Mchana elki hukaa kwenye miteremko inayoelekea kaskazini, kwenye kivuli na baridi, hasa palipo na kijukwaa tambarare katikati ya mteremko. Asubuhi na jioni hutoka kwenye majani na miti ya aspeni. Madume msimu huu hugaagaa kwenye vidimbwi vya matope, na ukikuta tope limechafuka upya lenye harufu kali kama zizi la beberu, uko nyumbani. Weka alama sehemu tano au sita za namna hiyo kwenye barabara tofauti, si moja. Elki wakisumbuliwa huhama bonde, nawe ukiwa umejifunga na sehemu moja utakaa kulinda majani.

Pia usidharau kipande kibaya kilicho karibu na barabara. Wawindaji wengi huegesha, hufuata njia iliyochongwa na kuingia ndani, wakiruka korongo lenye vichaka mita 800 tu kutoka kwenye magari yao. Elki wanalijua hilo kuliko sisi.

Upepo ndio nataka tuukalie kidogo. Elki akikuona anaweza kusimama akutazame tena. Akikusikia huenda akadhani ni mwenzake, kwa sababu nao huvunja vijiti. Akikunusa hana swali la pili. Watu wa pwani tuna mtaji hapa. Mvuvi wa Lamu anajua umande, ule upepo wa alfajiri, hutoka bara kwenda baharini, na jua likishapanda upepo wa bahari huchukua zamu. Mlimani ni mpango ule ule, ila umesimamishwa wima. Usiku na asubuhi na mapema hewa baridi ni nzito, inateremka mabondeni kama maji. Jua likipasha mteremko, hewa inapanda. Jioni inageuka tena. Kwa hiyo asubuhi ukiwa chini ya elki, hewa yake inakujia wewe. Saa nne asubuhi, ukiwa pale pale, harufu yako inapanda kumwendea. Saa ya mgeuko ni ya kukaa kimya na kunywa chai, hewa ikizunguka ovyo. Beba kichupa cha unga laini, ukipulize kila baada ya muda mfupi. Ukiona unga unaelekea walipo, rudi nyuma, hata kama unawasikia wakilia. Kesho watakuwepo. Ukiwalazimisha leo, kesho hawatakuwepo.

Kuhusu kuita: kilele cha majira yao ya kupandana ni katikati hadi mwishoni mwa Septemba, na mlio wa dume alfajiri ni kitu cha kusisimua mpaka miguu. Mgeni huanza kupuliza zumari lake kila dakika kumi. Mwaka wa kwanza nunua kifaa cha sauti ya jike tu, jifunze ule mlio mfupi mwororo, uutumie kwa uchache, zaidi kumsimamisha mnyama aliyekwisha kukaribia kuliko kumvuta kutoka mbali. Na leseni yako ikiruhusu jike, piga jike. Madume katika maeneo mengi yana sharti la pembe, ncha nne upande mmoja au tawi la chini lenye inchi 5, na kuhesabu ncha huku moyo unagonga ni mtihani wa peke yake.

Sheria inataka upinde usiopungua nguvu ya paundi 35, na kigumba chenye upana usiopungua inchi 7/8 na makali mawili ya chuma au zaidi. Ukipata paundi 50 au 60 unazovuta polepole bila kuinua mkono angani, zinatosha. Fedha iliyobaki weka kwenye viatu na begi la mzigo. Fanya mazoezi kwa vigumba vya kuwindia vyenyewe, ukiwa umepiga magoti, ukiwa umevaa begi, kwenye mteremko. Mpaka wangu ni yadi 30, mnyama akiwa ubavu au amegeuka kidogo kunipa kisogo, mshale uingie nyuma ya bega. Akikukabili kifua, mwache. Ukishapiga, kaa chini nusu saa, na kama una shaka ulipopiga ongeza saa kadhaa. Waislamu wenzangu, Bismillahi ni wakati wa kuachia mshale, na ukimkuta bado ana uhai, kisu. Lakini akiwa ametumbukia kijitoni akafia majini, hapo pana shaka, muulize sheikh wako kabla ya safari, si baada yake.

Akianguka, jaza lebo ya leseni kabla ya kupiga picha. Toa ngozi upesi, kwani ndiyo blanketi linaloozesha nyama, na joto la nyonga hukaa ndani kuliko unavyodhani. Acha alama ya jinsia ikiwa imeshikamana na nyama mpaka ufike. Mifuko ya kitambaa, kivuli cha upande wa kaskazini, ubaridi wa bonde la kijito usiku, kisha masanduku ya barafu kwenye gari. Colorado Parks and Wildlife, idara ya wanyamapori ya jimbo, hupima ugonjwa wa kudhoofika unaoshambulia ubongo wa kulungu na elki, ulioonekana kwanza Fort Collins mwaka 1967. Haujathibitika kumwambukiza binadamu, lakini ushauri wa wataalamu ni kutokula mnyama aliyekutwa nao. Mimi hupeleka kichwa, na nyama inakaa kwenye friza mpaka majibu yatoke. Kuuza nyama ya mwituni hakuruhusiwi, kwa hiyo usimkubalie yule wa mgahawa. Kugawa kunaruhusiwa, na utashangaa una binamu wangapi.

Huenda usihitaji haya yote mwaka huu. Wanaofanikiwa kwa upinde huku ni mmoja au wawili kati ya kumi, na hao kumi wamo waliozaliwa nayo. Omba likizo ya wiki nzima au zaidi. Wikendi moja ni matembezi.

Lililobaki ni usalama. Theluji inaweza kuanguka Septemba, na radi za mchana hazipendi mtu kileleni. Chuja maji hata yakiwa meupe. Katikati ya mwezi kuna siku tisa za wenye magobori. Wa upinde halazimiki kuvaa rangi ya chungwa, lakini mimi siku hizo huvaa kofia yake. Mwachie mtu nyumbani ramani yenye alama za sehemu zako zote na saa ya mwisho ya kukusubiri, na kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti kikae mfukoni, si kwenye begi utakaloliacha chini ya mti. Vikosi vya uokoaji milimani Colorado ni vya kujitolea na havitozi aliyeokolewa, kwa hiyo kama mguu umeteguka saa kumi jioni, waite saa kumi jioni.