Maneno ya Mzee Kitandani: Lipi Ni Wosia?

SWALI: Baba yetu ana saratani ya umio, tunamuuguza nyumbani. Wiki mbili zilizopita, akili zikiwa timamu, aliniambia mimi na kakangu kwamba kipande cha shamba cha kando ya barabara apewe kitinda mimba wetu. Sasa ananong'ona tu, na jana alizungumza na mamake aliyefariki zamani. Je, maneno yale yana nguvu? Na tutamsikiaje? – Binti ya mzee, Ahero

JIBU: Poleni sana, dada. Yashikeni yale ya wiki mbili zilizopita. Sheria ya Urithi ya Kenya, kifungu cha 9, inakubali wosia wa mdomo uliotolewa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, mradi aliyeutoa afariki ndani ya miezi 3. Akiishi zaidi ya hapo, wosia huo hauna kazi tena. Wosia wa maandishi, kama upo na haujafutwa, huushinda.

Leo hii wewe na kakako andikeni, kila mtu kivyake: tarehe, waliokuwepo, na maneno yenyewe kwa Kijaluo kama alivyoyatamka. Msiyanyooshe. "Mpeni" si sawa na "mwacheni alime", na ugomvi huanzia papo hapo. Mkipingana kortini, litasimama lile tu linalothibitishwa na shahidi huru, yaani mtu asiyegawiwa chochote katika wosia huo, wala mume au mke wa aliyegawiwa. Kwa hiyo kama siku hiyo Baba aliwagawia na ninyi, semeni mapema. Angalieni pia hati ya shamba: ikiwa bado ina jina la babu, Baba hawezi kuusia kisicho chake, mirathi ya babu hutangulia.

Anayoyasema sasa msiyafanye wosia, wala msimbishie kuhusu mamake. Muulize tu, "Anasema nini?" Lakini kuchanganyikiwa kukija ghafla, mwite muuguzi, kwani mkojo uliozuilika, choo kigumu au maambukizi huweza kusababisha hali hiyo, na hayo hutibika. Tafadhali msimnyime mofini ili azungumze. Maumivu yakirudi, atalia badala ya kusema.

Ukavu wa mdomo nao huweza kumtatiza kusema. Chovya kitambaa safi katika maji, kikamue, upanguse ulimi na ufizi kila nusu saa akiwa macho, kisha midomo uipake mafuta. Usimmiminie maji: umio ukiwa umeziba, huingia mapafuni. Uliza swali moja la ndiyo au la, umwambie, "Ukikubali, nifinye mkono," halafu ungoje hata dakika nzima. Akianza kukoroma kwa mate yaliyokwama kooni, mlazeni ubavu, kichwa kiinuliwe kidogo.

Akinyamaza kabisa, endeleeni kuzungumza naye, maana huenda bado anasikia. Zimeni redio, msogelee sikio, utaje jina lako kwanza ndipo useme ulilo nalo. Habari za shamba zijadiliwe nje.