Fundi Anajibu: Paipu za oili zinazovuja kwenye pikipiki za zamani

SWALI: Nina Triumph Bonneville T120 ya 1967. Oili inatoka juu kwenye hedi (kichwa cha injini), pale paipu nyembamba inapofungwa kwa nati mbili zenye kofia. Nati zimekazwa mara tatu, na kila mara uvujaji unazidi. Nimeshauriwa nizungushe tepu nyeupe ya mabomba ya maji. Nifanye hivyo?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Tepu hiyo mwachie fundi wa maji. Kwenye kiungo hiki oili haizuiwi na nyuzi za nati. Inazuiwa na nyuso za wosha za shaba nyekundu, moja ndani kati ya pete ya paipu na boksi la roka (kasha la vile vyuma vinavyosukuma valvu), nyingine nje chini ya nati. Tepu kwenye nyuzi haigusi mahali panapovuja. Kipande chake kikikatika hubebwa na oili hadi kwenye kitundu cha spindo ya roka (mhimili wake), na roka inayokosa oili hulika kimyakimya.

Kukaza zaidi ndiko kulikoharibu mambo. Shaba ikishaminywa mara moja inakuwa ngumu, haijazi tena mikwaruzo. Ukiongeza nguvu unapinda pete ya paipu na kuchosha nyuzi, bure kabisa, kwa sababu paipu hii inalishwa na oili inayorudi kwenye tangi la oili, ambayo shinikizo lake ni dogo.

Kwanza hakikisha ni nati kweli zinazovuja. Osha hedi yote kwa mafuta taa, ikaushe, ipake poda ya mtoto, kisha endesha hadi Njoro na kurudi. Poda itaonyesha njia ya oili. Mara nyingi mkosaji ni oringi (pete ya mpira ya kuzuia oili) iliyo upande wa pili wa spindo. Oili yake hutambaa kwa upepo na watu huilaumu nati.

Ikiwa ni nati, fungua kwa spana za Whitworth, za vipimo vya zamani vya Kiingereza. Spana ya milimita inakaribia kuingia, na hiyo "karibu" ndiyo inayomaliza kona za nati. Shikilia paipu kwa mkono mwingine isijipinde, maana pale ilipochomelewa kwenye pete ndipo hupasuka.

Tafuta wosha nne mpya zinazolingana na spindo. Mafundi wa pampu za dizeli huwa nazo za kila ukubwa. Ukizikosa, zile za zamani zinafaa tena ikiwa hazijaliwa nyembamba: zitundike kwenye waya, zichome kwa tochi ya gesi kivulini mpaka ziwe nyekundu iliyofifia, kisha zitumbukize majini. Maji si ya lazima, shaba hulainika hata ikipoa yenyewe, ila yanabandua ule ukoko mweusi. Chuma cha pua au wosha ya bati usiiweke hapo.

Halafu nyuso za pete. Weka msasa wa namba 400 juu ya kioo bapa, dondoshea mafuta taa, sugua pete kwa mwendo wa namba nane mpaka ing'ae pote. Doa jeusi likibaki, pale pana shimo na oili itapita. Pulizia paipu hewa kabla ya kuirudisha, usiache unga wa msasa ndani.

Funga nati zote mbili kwa vidole kwanza ili paipu ijipange bila kuvutwa. Kisha tumia spana fupi: ukihisi wosha imeshika, ongeza kama robo ya mzunguko, basi. Washa injini dakika kumi, iache ipoe kabisa, kaza tena kidogo sana. Paipu ikiwa imepasuka kwenye pete, ichomelewe kwa fedha. Risasi ya kawaida ya kulehemu haivumilii mtetemo wa injini hii.

Nati iliyokufa usibadilishe na ya milimita. Nyuzi nyingi za Triumph za wakati huo ni 26 kwa inchi. Nati ya milimita hushika mizunguko miwili, ya tatu inang'oa. Mpelekee sampuli fundi wa mashine ya kukereza.

SWALI: BSA A65 yangu inadondosha oili chini ya tangi la oili, kwenye mpira. Nilinunua mpira mweupe wa petroli, ukakaa wiki moja ukachomoka. Sasa nataka kuweka na koki ya kufungia oili ninapoegesha.
Msomaji, Kondele, Kisumu

JIBU: Mpira mweupe ukipata oili ya moto hulainika, ukipoa unakuwa mgumu kama mfupa. Tafuta mpira mweusi wenye nyuzi ndani, uulize kama ni wa oili, na upime tundu lake kwa paipu yako kabla ya kulipa. Kata mwisho wima kwa wembe, uchovye kwenye maji ya moto, usukume mpaka upite ule ukingo wa paipu, ndipo klipu ikae nyuma ya ukingo. Chagua klipu yenye utepe laini kwa ndani. Zile zenye meno yaliyotoboka hukata mpira.

Mpira unaoshuka kutoka tangini ukilegea, si lazima udondoshe. Unaweza kuvuta hewa, na pampu ikapoteza oili bila tone hata moja chini. Kwa hiyo jaza mpira oili kabla ya kuuunga, washa, na utazame ndani ya tangi: oili inayorudi inapaswa kuonekana. Dakika ikipita bila kitu, zima.

Koki, hapana. Siku utakayosahau kuifungua, injini itakwama kabla hujafika Kibuye.

SWALI: Pikipiki yangu ya Kiingereza ikikaa wiki mbili, tangi la oili linakuwa karibu tupu. Nikiijaza na kuwasha, inatoa moshi na oili inatoka kila kiungo. Nibadilishe wosha zote?
Msomaji, Kakamega

JIBU: Wosha hazina kosa. Oili imepenya kwenye pampu, ikashuka kwenye sampu (chini ya injini, oili inapokusanyika), na wewe ukaongeza nyingine juu yake. Kabla ya kuongeza chochote, fungua boliti ya chini ya injini juu ya beseni na upime kinachotoka. Kikombe kimoja cha chai ni kawaida. Nusu lita na kuendelea, fungua pampu utazame gololi za valvu na vitako vyake. Uchafu mdogo unatosha kuzuia gololi isikae. Angalia pia paipu ya kupumua ya krenkikesi (kasha la chini la injini). Ikiziba, presha hutafuta kiungo dhaifu, na hapo hata wosha mpya zitalia.