Maswali Yenu: Pisti Iliyoachwa Porini

Swali: Kwetu upande wa Shabunda kuna pisti ya udongo, yaani njia ya ndege kurukia na kutulia, iliyoachwa. Zamani ndege ndogo za kutoka uwanja wa Kavumu, karibu na Bukavu, zilileta chumvi, sabuni na dawa. Sasa majani yamefika kiunoni. Vijana wanataka kufanya salongo, kazi ya pamoja ya kijamii, wafyeke ili ndege zirudi. Waanzie wapi?
*Msomaji wa Kadutu, Bukavu*

Jibu: Ndugu yetu, wasianze na majani. Waanze na mifereji, maana pisti ya udongo huuawa na maji kabla ya kitu kingine. Hujengwa ikiwa na mgongo katikati, ikiinama pande zote mbili kama sentimita 2 kwa kila mita, mvua ishuke haraka. Malipo ya wafyekaji yakikatika, mifereji huziba, maji hutuama, udongo hulainika, na gurudumu la ndege huchimba mfuo. Mvua inayofuata hupita mle mle na kuupanua. Rubani akishaona mifuo hiyo harudi, na bila ndege hakuna ada ya kuwalipa wafyekaji.

Basi wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, zibueni mifereji mpaka inakomwaga maji bondeni. Mfereji usio na pa kutokea ni dimbwi tu. Kingo zake zilale, zisiwe wima, ili ndege ikiteleza pembeni isivunjike mguu. Ndipo mfyeke, majani yabaki chini ya sentimita 10. Tunawaomba sana: msiparue kwa jembe hadi udongo mtupu! Mizizi ya majani ndiyo inayoushika udongo usichukuliwe na mvua.

Visiki ving'olewe pamoja na mizizi yake, kwani kilichokatwa usawa wa ardhi huoza na kuacha shimo. Vichuguu vinataka subira. Chimbeni mpaka mumpate malkia, kisha jazeni udongo wenye unyevu kidogo kwa tabaka za sentimita 15, mkishindilia kila tabaka. Shimo likijazwa lote kwa mara moja, juu patakuwa pagumu lakini chini patabaki laini, na masika patadidimia ndege ikipita.

Miti iliyo mbele ya ncha za pisti husahaulika mara nyingi. Kwa pisti ndogo, njia ya kutua huhesabiwa kwa mteremko wa mita 1 kwa kila mita 20, kuanzia mita 30 nje ya ncha. Mti wa mita 10 ulio ndani ya mita 230 kutoka ncha ya pisti ukatwe.

Haya yote hayatoi ruhusa ya kurusha ndege. Ukaguzi ni kazi ya mamlaka ya usafiri wa anga.

Swali: Pisti yetu iko milimani, mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ina urefu wa mita 700. Tuliambiwa ndege fulani inahitaji 600 tu. Mbona rubani anakataa kubeba mzigo kamili?
*Msomaji wa Ibanda, Bukavu*

Jibu: Rubani ana haki. Hizo 600 ni za usawa wa bahari, kwenye nyuzi 15. Kanuni za kimataifa za kupanga viwanja huongeza asilimia 7 kwa kila mita 300 za kupanda: kwenu ni 35, yaani mita 810. Tena kila nyuzi 1 ya joto juu ya kiwango cha hesabu kilichowekwa kwa mwinuko husika huongeza asilimia 1. Kwa mwinuko huo kiwango ni kama nyuzi 5; mchana wa nyuzi 26 unazifikisha zile 810 kwenye mita 980 hivi, nanyi mna 700. Nyongeza zikizidi asilimia 35 kwa jumla, kanuni hizo hizo hudai uchunguzi maalumu, kwa hiyo lichukueni hesabu hili kama makadirio. Majani marefu na matope huongeza tena. Asubuhi na mapema, kukiwa na baridi, anaweza kubeba zaidi.

Swali: Watu wamelima mihogo kwenye pisti ya zamani. Kuna ubaya?
*Mama wa Bagira, Bukavu*

Jibu: Mama, kama kuna tumaini la kuifungua tena, uko. Matuta huvunja ule mgongo, na kuurudisha ni kazi kubwa kuliko kufyeka miaka yote hiyo. Ulizeni kwanza kwa chifu na ofisi ya ardhi eneo ni la nani. Ikiwa imefungwa moja kwa moja, wekeni alama ya X kubwa nyeupe kwenye kila ncha, na nyingine katikati zisizoachana zaidi ya mita 300, kisha mshushe mfuko wa kuonyesha upepo. Rubani mwenye shida angani akiona uwazi mrefu bila alama hizo, atadhani anaweza kutua.