Re: Kubadilisha oili ya Mercedes mwenyewe nyumbani
Ndugu, umeuliza kama unaweza kubadilisha oili ya Mercedes yako ya dizeli nyumbani au lazima uipeleke kwa wakala. Unaweza kabisa. Kazi yenyewe si ngumu, ugumu uko kwenye kuchagua oili.

Usinunue kwa kuangalia 5W-30 peke yake, hiyo inakuambia uzito wa oili tu, yaani inavyotiririka. Fungua kitabu cha gari utafute namba ya idhini ya kiwanda, kisha hakikisha namba ileile imeandikwa kwenye dumu. Kama gari lina chujio la masizi kwenye ekzosi, linataka oili inayoacha majivu kidogo ikiungua, mfano yenye idhini ya MB 229.51 au 229.52. Ukiweka 229.5 ya kawaida, chujio litaziba taratibu, na bei yake inauma kuliko oili ya miaka mingi.

Pasha injini kidogo kabla ya kumwaga. Filta ya oili kwenye injini nyingi za Mercedes iko juu, basi ifungue kwanza ili oili ishuke yote. Badilisha filta pamoja na mipira yake, na pia washa (pete ya kuzibia) ya nati ya kumwagia oili. Tafadhali, usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee. Weka stendi!

Mimina pungufu kidogo ya kiasi cha kitabuni, washa injini, zima, subiri ishuke, pima, ongeza. Oili ikizidi sana hupigwa na kranki (mhimili unaozunguka ndani ya injini) ikatoa povu, na povu halilainishi vyuma.