Mordin Amekufa Mlangoni, na Mimi Nimeshinda

*Shikamoo Anti. Mimi ni dereva wa bajaji, naegesha Uyole. Nacheza Mass Effect 2, ile iliyomo kwenye Legendary Edition, kwa PS4 niliyoinunua mkononi kwa mtu. Juzi usiku nimemaliza misheni ya mwisho, ile ya kujitoa mhanga. Kabla ya kwenda nilihakikisha wote tisa nimewamalizia shida zao, wote waaminifu. Meli nikaifunga deraya, ngao na mzinga mpya. Tali kaingia bombani katoka mzima, Garrus kaongoza kikosi, Samara kashika ngao. Jack nikamwambia awarudishe mabaharia tuliowaokoa. Mimi na Garrus na Thane tukaenda kwa bosi, tukamtandika. Kuja kuangalia, Mordin kalala chini amekufa, na wala sikuwa naye! Kwa nini? Na Kelly, yule dada wa pale karibu na ramani, mbona nilimkuta anayeyuka kwenye chupa? Au diski yangu ni mbovu? Dereva wa Bajaji, Uyole.*

Marahaba mwanangu. Diski ni nzima. Tatizo ni Garrus, au niseme mahali ulipompeleka Garrus.

Kwa wasiojua tunachozungumzia: hii ni gemu ya BioWare ya Kanada, ilitoka 2010, na ile ya Legendary Edition ni marudio yaliyosafishwa ya 2021. Wewe ni kamanda Shepard. Unazunguka angani kukusanya wababe, akina Garrus, Tali na profesa Mordin, kisha mnapita lango liitwalo Omega 4 kuwafuata Collectors, viumbe wanaokomba watu vijiji vizima. Anayekwenda huko harudi. Na tofauti na gemu nyingi, hapa mtu wako akifa amekufa kweli, hata sehemu ya tatu humwoni.

Sasa Mordin. Ile hotuba ya mwisho, kabla hujachagua wawili wa kwenda nao, wengi tunaisikiliza kama mapambo. Shepard anasema wengine wabaki wazuie adui mlangoni. Wewe umeshawageuzia mgongo, unawaza bosi. Lakini gemu haijawageuzia mgongo. Kila mtu ana alama zake za kuzuia, hazionyeshwi popote kwenye kioo. Garrus, Grunt na Zaeed wana 4 kila mmoja. Miranda, Jacob, Samara, Thane na Legion wana 2. Mordin, Tali, Jack na Kasumi wana 1. Asiye mwaminifu anakatwa moja. Gemu inajumlisha alama za waliobaki, inagawanya kwa idadi yao, na wakiwa watano au zaidi wastani usipofika 2, kuna mtu anakufa. Wa kwanza kwenye foleni ya kufa, wote wakiwa waaminifu, ni Mordin.

Barua yako niliisoma kwenye kibanda changu cha gemu, nikageuza risiti ya luku nikaandika nyuma yake. Mlangoni ulimwacha Miranda 2, Jacob 2, Samara 2, Legion 2, Tali 1, Mordin 1. Jumla 10, watu sita. Hata 1.7 haifiki. Profesa wa watu kaondoka.

Nikafuta Tali, nikaandika Garrus. Yaani Tali aende nawe kwa bosi, Garrus abaki. Jumla ikawa 13 kwa watu walewale sita, 2 na chenji. Hakuna anayekufa. Hujaongeza mtu wala bunduki, umebadilishana wawili tu. Tali kwa bosi hana shida. Wanaoandamana nawe wakiwa waaminifu wanarudi.

Najua utaniambia, Anti, bosi mkubwa vile nimwendee na Tali? Nisikilize. Marehemu baba alikuwa utingo wa lori, Mbeya na Dar. Wakirudi na mzigo wa maduka, pale mlima Kitonga lori likizidiwa, kuna mtu anaruka chini na gogo kulisukumia nyuma ya tairi kabla lori halijaanza kurudi nyuma. Walikuwa mautingo wawili. Mwenye misuli hakukaa kabini na dereva hata siku moja pale Kitonga. Alikuwa ananing'inia nyuma na gogo lake, kwenye baridi. Baba alikuwa mwembamba, kwa hiyo yeye ndiye aliyekaa kabini, na alikuwa anaona haya kutuambia.

Halafu umesema tisa. Wanafika kumi na wawili, mwanangu! Grunt yuko kwenye lile pipa la kioo chini melini. Nadhani uliogopa kulifungua, na wengi wanaogopa. Zaeed yuko kwenye kituo cha Omega (si lile lango), Kasumi yuko kwenye kituo cha Citadel, na kwenye Legendary Edition hawa hawaongezewi hela. Grunt na Zaeed peke yao ni alama 8 mlangoni. Ukiwa nao wote ukawaacha pale, Garrus unaweza kwenda naye kwa bosi ukitaka, maana naona unampenda. Hata mimi nampenda.

Kelly ni habari fupi. Mabaharia wakishatekwa, saa inaanza kuhesabu kwa misheni. Ukipita Omega 4 papo hapo, wote unawakuta hai. Ukifanya misheni moja hadi tatu kwanza, nusu wanakufa na Kelly yumo. Ukizidisha hapo, anabaki daktari Chakwas tu. Kuchimba madini sayarini hakuhesabiwi, kwa hiyo lazima kuna misheni uliyoichomeka katikati. Jikague.

La kufanya: tafuta sevu ya kabla ya kupita Omega 4. Ukiwa nayo, Mordin anarudi jioni moja tu. Kelly anahitaji sevu ya nyuma zaidi, ya kabla ya hizo misheni. Huna? Basi endelea, sehemu ya tatu itachezeka. Nafasi ya Mordin inachukuliwa na msalarian mwingine, yaani kiumbe wa jamii yake, Padok Wiks. Si mbaya. Ila si Mordin.

*Anti, hapa ni Mafinga. Nimesimamisha gemu ndani ya kituo cha Collectors, wanataka nichague nani aingie kwenye bomba na nani aongoze kikosi cha pili. Nasikia mbele kuna ngao, na Miranda ndiye anayejitolea. Nimkubalie? Mke wangu anataka televisheni yake. Mwalimu.*

Kamwene mwalimu. Gazeti linatoka mara moja kwa mwezi; naomba uwe umeshamwachia shemeji televisheni.

Bombani, kazi ya fundi wa kufungua milango, mwingize Tali, Legion au Kasumi, mmoja wao aliye mwaminifu. Kiongozi ni Garrus, Jacob au Miranda, naye awe mwaminifu, mara zote mbili utakapoulizwa. Ujanja uko hapa: ukikosea kiongozi mara ya kwanza, hafi kiongozi, anakufa yule wa bombani, na wewe utabaki unamlaumu fundi.

Miranda usimkubalie. Atakuambia kwamba kinadharia mtu yeyote mwenye nguvu za kusukuma vitu kwa akili anaweza kuishika ngao, ile inayowakinga na wadudu wa Collectors. Kama mwalimu, neno "kinadharia" unalijua lilivyo. Ngao ni ya Jack au Samara, akiwa mwaminifu.

Mimi nilimkubalia. Ilikuwa Julai, kibanda changu cha Mwanjelwa nimeshakifunga, vijana wa mpira wamekwisha kuondoka, amebaki mmoja wa Soweto aliyechelewa daladala, kajikunja kwenye benchi na koti la baba yake. Nilikuwa na Thane na Grunt. Ngao ikaanza kupungua, ikawa inatubana, wale wadudu wakizunguka kama kumbikumbi kwenye taa. Tumebakiza hatua chache tufike mlangoni, wakamnyanyua Thane. Shepard akageuka, mkono hewani, hakushika kitu. Mlango ukajifunga.

Yule kijana nilidhani amelala. Akainua kichwa kwenye koti: "Anti, mlikuwa wangapi hapo?"