Sio lazima uwe na hela ndiyo ujali nguo yako imetoka wapi

Wiki hii msomaji ameniandikia: "Dada, kuuliza nguo kashona nani ni mambo ya wenye mishahara minono. Sisi wa kuungaunga utuache." Imenichoma, sikatai. Maana mimi nilianza kuuliza nikiwa natembeza vitafunwa maofisini, na mwezi uliopita nimemaliza kulipia kiwanja changu Chanika. Kwa pesa ya kikoba, si ya mjomba.

Kilichonishtua ni Rana Plaza. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo hilo la viwanda vya nguo liliporomoka karibu na Dhaka, Bangladesh, likaua watu zaidi ya 1,100, wengi wao wanawake. Nyufa zilionekana siku moja kabla, na bado waliamriwa waingie kazini. Nilifungua kabati nikasoma lebo: Bangladesh, tena Bangladesh. Toka hapo nikiona blauzi mpya ya bei ya kutupa, najiuliza nani kaibeba hiyo nafuu.

Na wanaotuhubiria "vaa vya nyumbani tu" wananichekesha. Pamba ya Shinyanga na Simiyu, sehemu kubwa inasafirishwa ikiwa bado haijawa hata uzi. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iishe ifikapo 2019. Marekani ikatishia kutunyima nafuu ya AGOA, ile ya kuuza bidhaa kwao bila ushuru. Sisi tukalegeza, Rwanda ikakaza na nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu hiyo. Basi mimi mwenye elfu kumi sioni aibu kuinama kwenye mitumba ya soko la Karume.

Nawahi asubuhi belo likifunguliwa. Natafuta pamba nzito, hata kama ni gauni la mtu wa mara mbili yangu, kisha fundi wa mtaani ananipunguzia. Mitumba imeshavaliwa; nikiinunua siongezi zamu kwa mshonaji wa Dhaka. Bei ya fundi sibishani nayo. Unambana mama wa cherehani buku mbili, halafu jioni unaagiza chipsi kuku? (Nguo za ndani nanunua mpya. TBS, shirika la viwango, walipiga marufuku za mitumba, na hapo nawaunga mkono.)

Kinachotumaliza ni sare za harusi. Nilikataa sare ya kamati ya ukoo wetu, nikaenda na kitenge changu cha zamani. Shangazi akasema mbele za watu kwamba nimepauka. Sijasahau, na sidhani kama nitasahau. Lakini waliocheka siku ile, leo wananiomba niwadhamini mkopo kikobani, na vile vitenge viko kabatini havijavaliwa tena. Jamani wanawake wenzangu, tunajikaanga wenyewe! Nunua kichache, kivae mpaka kichoke, tofauti ya bei iende kwenye hisa za kikoba.

Na wewe uliyeniandikia, ukienda Karume geuza nguo uangalie mshono wa ndani kabla ya kuuliza bei. Uso ukunje. Muuzaji akijua umeipenda, imekula kwako.