Maswali ya wasomaji: Kaduka ka zawadi za Kiyahudi, unaanzia wapi?

Wapendwa, tangu niandike kuhusu kaduka ketu hapa New Jersey meseji zimekuja mpaka nimeshindwa kumjibu kila mtu peke yake, kwa hiyo leo safu nzima ni ya maswali yenu. Kwa waliokosa lile toleo: mi mzaliwa wa Tanga, mume wangu amekulia kwenye familia ya Kiyahudi, na kazi yetu ni kubuni na kuuza vitu vya nyumba ya Kiyahudi, yaani vitambaa vya kufunikia mkate wa Sabato, vikasha vya mezuza (maandiko yanayobandikwa kwenye mwimo wa mlango), kadi za sikukuu na mikataba ya ndoa yenye nakshi inayoitwa ketuba. Duka lenyewe ni chumba kimoja, cherehani, printa na maboksi. Haya twende.

*Shikamoo dada. Niko Minneapolis, kazi yangu ni kumtunza bibi mmoja wa Kiyahudi nyumbani kwake, na kila Ijumaa jioni namsaidia kuandaa meza. Mi fundi wa kushona tangu nyumbani, nikamshonea kitambaa cha kufunika mkate, wanawe wakakipenda wakaniuliza kama nauza. Sasa mi Mkristo, si watasema naiba vya watu? Na nikianza nianze na nini?*

Marahaba mdogo wangu. Hilo la kuiba nimefurahi umeliuliza mwenyewe kabla hujaulizwa. Ukweli ni kwamba kuna vitu ambavyo sio vyako kuvitengeneza na huna haja ya kuvigusa. Ile karatasi ya ndani ya mezuza, kwanza sio karatasi, ni ngozi ya mnyama anayeruhusiwa kuliwa, na imeandikwa kwa mkono na mwandishi aliyesomea kazi hiyo, herufi 713 kwenye mistari 22, maneno ya Kumbukumbu la Torati sura ya 6 na ya 11, na herufi moja ikikatika tu basi yote haifai. Hiyo waachie wenyewe. Vilevile zile nyuzi za pembeni za shali ya kusalia, taliti, zinafungwa na Myahudi. Lakini kikasha cha kuwekea hiyo mezuza, kitambaa cha mkate, kikombe cha divai, mfuko wa taliti, hivyo mkono wowote mzuri unaweza, na kwenye ukurasa wako andika wazi wewe ni nani na umejifunzia wapi. Umejifunzia mezani kwa bibi, kila Ijumaa, andika hivyo hivyo. Wateja wangu wengi wanauliza kwa upole tu, ukiwajibu vizuri wananunua.

Anza na hicho hicho kitambaa cha mkate, usitawanyike. Wewe umeshaona kinavyotumika na huo ndio mtaji wako, maana wanaouza vibaya ni wale waliochukua nyota ya Daudi wakaibandika kwenye kikombe cha kahawa wakaita zawadi ya Kiyahudi. Nyumba ya Kiyahudi haina shida ya nyota, ina shida ya vitu vinavyofanya kazi Ijumaa jioni. Mikate ni miwili, kwa kumbukumbu ya mana ya jangwani iliyodondoka maradufu siku ya kuamkia Sabato, na inafunikwa wakati divai inabarikiwa kwanza, wazee wanasema ni ili mkate usione aibu kwa kupitwa. Mi hiyo habari ya mkate kuona aibu naipenda sana, na naifikiria kila nikikata kitambaa. Kwa hiyo lazima kifunike mikate yote miwili na masikio yake, sentimita 40 kwa 50 ndio saizi inayotosha familia nyingi, ukishona kidogo kwa kubana gharama mkate unachungulia.

Alafu fikiria kufua. Juzi mteja mmoja alinirudishia kitambaa nimrekebishie pindo, nilipokikunjua kikawa na duara la divai karibu na maandishi, matone ya nta ya mshumaa pembeni, na vipunje vya ufuta vimeingia ndani ya darizi. Hicho ndio kitambaa kinachopendwa. Nta nimeitoa kwa kuweka karatasi ya kaki juu na kupitisha pasi ya moto mdogo, divai ikatoka kwa kuloweka, na darizi haikuchuja kwa sababu uzi ni wa polista, ungekuwa reyoni ningeogopa. Sasa ukiweka shanga na vimetameta watu watavipenda kwenye picha lakini vitadondokea kwenye mkate, usiweke. Bitana iwe pamba nyeupe iliyofuliwa kabla, la sivyo itarudi ndani mara ya kwanza ikifuliwa na kitambaa chote kitajikunja kama kimekasirika.

Na usichanganye sufu na kitani. Torati inakataza mchanganyiko huo kwenye nguo, na hata kwa vitu ambavyo havivaliwi mteja mshika dini atakuuliza, kwa hiyo mi kitani nimekiweka pembeni kabisa nashona pamba, hariri na mahameli, na lebo inasema hivyo.

Bei sasa. Herufi za Kiebrania zina hesabu, na neno la uhai linafika 18, ndio maana watu wanatoa zawadi za pesa kwa mafungu ya 18, yaani 36, 54, 180 na kuendelea. Mi kadi na vitu vidogo naviweka dola 18 na vitambaa vya kawaida 54, watu wanaona bila kuambiwa. Ila usipange bei kwa ajili ya namba nzuri tu, piga hesabu ya kitambaa, uzi, masaa yako, boksi na makato ya soko la mtandaoni. Etsy kwa mfano wanachukua senti 20 za dola kila unapoweka bidhaa na asilimia 6.5 ya mauzo pamoja na unachomtoza mteja kwa usafirishaji, na bado makato ya malipo yako pembeni. Wengi wanasahau hayo.

Kalenda uibandike ukutani kabla hujanunua hata uzi, maana sikukuu zao zinahama. Mwaka 2024 Hanuka, sikukuu yao ya kuwasha mishumaa, ilianza jioni ya Krismasi yenyewe, 2026 inaanza jioni ya tarehe 4 Desemba, na 2027 inarudi tena mpaka jioni ya tarehe 24 Desemba. Ukizoea kuuza kwa kalenda ya Krismasi, mwaka kama 2026 utakuta watu wameshawasha mishumaa wewe ndio kwanza unapiga picha za bidhaa. Mwaka mpya wao, Rosh Hashana, 2026 unaingia jioni ya 11 Septemba, kwa hiyo kadi zake ziwe tayari Julai. Na kuanzia Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi usiku usimtegemee mteja mshika dini kujibu meseji wala kupokea mzigo, usimuandikie mara tatu ukidhani kakasirika.

*Dada, niko Toronto, nabuni kadi kwa kompyuta. Nimetengeneza kadi ya Rosh Hashana kwa Kiebrania, rafiki yangu Myahudi kaniambia maandishi yamegeuka. Nimekopi vizuri kabisa kutoka kwenye tovuti, sasa tatizo nini?*

Tatizo ni programu yako, kaka. Kiebrania kinaandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, na programu nyingi za kubuni ukiibandikia maandishi bila kuwasha mpangilio wa lugha za Mashariki ya Kati inazipanga herufi kushoto kwenda kulia, kwa hiyo kila herufi ni sahihi lakini neno liko kinyumenyume. Kwenye Illustrator na InDesign mpangilio huo upo, ingia kwenye sehemu ya mipangilio ya maandishi uuwashe, ufunge faili uanze upya. Ukishamaliza geuza maandishi yote yawe michoro kabla ya kumtumia mchapaji, la sivyo kompyuta yake itayavuruga tena.

Na hata yakikaa sawa bado kuna herufi zinazofanana, dalet na resh zinatofautiana kona tu, he na het ni kipengele kidogo cha uwazi juu kushoto, na fonti za urembo zinaziba hiyo tofauti kabisa. Tumia fonti zinazosomeka. Frank Ruhl Libre na David Libre ni za bure na unaruhusiwa kuzitumia kibiashara.

Zaidi ya hapo tafuta msomaji wa Kiebrania umlipe asome kila kitu kabla hakijachapwa. Namlipa mama mmoja mwalimu, kila kadi, hata ya neno moja. Sisi watu wa pwani tunajua, kanga hununui kwa rangi ukaacha kusoma jina lake, utampelekea mkweo maneno ya kumpiga vijembe. Hii nayo ni hivyo hivyo.

Kitu kingine, usichape jina la Mungu lile la herufi nne kwenye kadi, mfuko wala karatasi ya kufungia. Maandishi yenye jina hilo hayatupwi kwenye taka, yanahifadhiwa na baadae kuzikwa, kwa hiyo utakuwa umempa mtu kazi badala ya zawadi. Sinagogi ya Ben Ezra kule Cairo karatasi hizo zilikaa chumbani karne na karne, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1890 msomi Solomon Schechter alipopeleka sehemu kubwa Cambridge, na humo zikakutwa hata barua za wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi. Mi nikisoma habari hizo nafurahi, lakini kadi ya siku ya kuzaliwa haina haja ya kuishi miaka mia tisa.

*Habari dada, mimi niko Mbale, Uganda, jamii ya Abayudaya. Mama yangu na jirani zake wanafuma kippa, zile kofia ndogo za Kiyahudi, kwa kroshia. Wageni wakija wananunua, lakini tunataka kuuza Marekani wenyewe. Tufanyeje?*

Nzuri ndugu yangu, na barua yako imenifurahisha kuliko zote. Kwa wasomaji wasiojua, Abayudaya ni Wayahudi wa Uganda, walianza na kiongozi wa kijeshi Semei Kakungulu mwaka 1919, chini ya Idi Amin dini yao ikapigwa marufuku na wengi wakaiacha, waliobaki wakaishika kimyakimya, na leo wana sinagogi kubwa kilima cha Nabugoye iliyofunguliwa 2016. Sasa wewe huna haja ya kutafuta uhalali ninaoutafuta mimi, kofia yenu ni ya Kiyahudi na ni ya Mbale, yote mawili.

Soko lenu kubwa ni oda za jumla, bar mitzva (sherehe ya mvulana akifika miaka 13) na harusi, ambapo familia inataka kofia mia za rangi moja kwa wageni. Hapo ndipo wafumaji wengi wanaangukia. Uzi wa rangi moja ukinunuliwa wiki tofauti unatofautiana, kofia 60 zinakuwa bluu na 40 zinakuwa karibu bluu, na mteja anaona kwenye picha ya pamoja. Angalieni namba ya rangi kwenye lebo ya uzi, nunueni wote siku moja wenye namba moja, na ongezeni akiba. Kipimo nacho kila mama awe na kibao kimoja cha kupimia, maana mkono mmoja unakaza na mwingine unalegeza.

Kusafirisha kumebadilika, na hili lisikilizeni vizuri. Zamani kifurushi chini ya dola 800 kiliingia Marekani bila ushuru, ruhusa hiyo ilisimamishwa kuanzia tarehe 29 Agosti 2025, kwa hiyo kumtumia kila mteja kofia mbili mbili moja kwa moja itakula faida yote. Bora katoni moja kubwa kwa mnunuzi mmoja wa jumla au ndugu mwenye duka huku, ushuru ulipwe mara moja, yeye ndio agawe. Bei kubalianeni na akina mama kwanza kabla ya kumpa mnunuzi, na mama asilipwe mwisho baada ya kila mtu.

*Asalaam aleikum dada, niko Mombasa. Mimi Mwislamu na nimeona kwenye duka lako ule mkono wenye jicho, hata kwetu nimeuona. Na pia nauliza, kwa hali ya dunia ilivyo na vita, huogopi kuuza vitu hivi?*

Waaleikum salaam. Mkono huo ni hamsa, Wayahudi wa Morocco na Tunisia wanautundika na majirani zao Waislamu pia, wakiuita mkono wa Fatuma, wameishi na mkono huo pamoja muda mrefu. Naandika hivyo hivyo kwenye maelezo ya bidhaa, sioni sababu ya kumnyang'anya mmoja.

La vita linaniuma kama linavyokuuma. Nimeshatukanwa, na nimeshaulizwa kwa heshima kama ulivyoniuliza. Sichori bendera wala ramani ya nchi yoyote, nashona vitu vya mezani na mlangoni, na ibada ya ile meza ni ya zamani kuliko serikali zote zilizopo. Bibi anayewasha mishumaa Ijumaa New Jersey namheshimu, na mama anayelia Gaza namlilia, na sitaacha kimoja kwa ajili ya kingine.

*Dada, rafiki yangu wa kazini London ni Myahudi na mjamzito. Nataka kumnunulia blanketi la mtoto lenye jina, nikupe oda sasa?*

Nipe oda ya rangi sasa, ya jina usinipe bado. Wayahudi wengi, hasa wenye asili ya Ulaya Mashariki, hawapendi zawadi za mtoto kuingia nyumbani kabla hajazaliwa, hata sherehe ya mjamzito hawafanyi, kwa hiyo blanketi nashona naliweka kabatini. Akizaliwa wa kiume jina kwa desturi linatangazwa siku ya nane kwenye tohara, wa kike mara nyingi ni sinagogini Torati inaposomwa. Usimbane akutajie mapema. Akikwambia, nitumie tahajia aliyoandika yeye mwenyewe, kwa Kiingereza na kwa Kiebrania, nidarizi siku hiyo hiyo na kesho yake kifurushi kiende posta.